Kupungua ni safari ya Bagamoyo hadi Tabora

Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kilometa 800 hivi, na mzigo wa kama kilo 30 begani. Zilipita wiki nyingi. Hakuna aliyekimbia.

Sasa wewe unataka kutoa kilo 10 kabla ya mahafali, wiki tatu tu! Unaacha ugali, unashinda na chai kavu. Mzani unashuka, kweli, lakini sehemu kubwa ya kilichotoka mwanzoni ni maji, na misuli nayo inaliwa. Mwili si mjinga: ukiona njaa unabana matumizi. Ukirudia kula, kilo hizooo, zimerudi. Na darasani je? Kizunguzungu kipindi cha Hesabu.

Mtu mzima akipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, inatosha. Wewe bado unakua, kwa hiyo muulize kwanza mhudumu wa afya kama kweli umezidi. Wengi mnaojiita wanene hamjazidi! Ukiwa umezidi, pengine utaambiwa usipungue, ila uzito usiongezeke wakati urefu unaongezeka.

Vidonge vya kukonda, achana navyo. Anza na soda: chupa moja ina sukari vijiko vya chai vinane hivi. Kunywa maji, kula embe. Karanga? Kiganja kimoja, siyo kopo zima. Na shuleni nenda kwa miguu, bodaboda ipumzike.