Sikukuu ya Halloween na Matengenezo Yake

Wenzangu wasomaji, katika vitabu vya hadithi vya Kiingereza mara nyingi twakutana na sikukuu iitwayo Halloween. Hapa katika Kidato cha Sita wengine husema ni sikukuu ya wachawi tu, na wengine husema ni mchezo wa watoto usio na maana. Mimi naona yafaa tuichungue. Kwanza tujue asili yake, kisha tuone jinsi watu wa nyumba moja wanavyoitengeneza, kwa maana sisi nasi hutengeneza karamu za bweni na za mwisho wa mwaka, na humo mna jambo kubwa la kujifunza.

Asili yake

Sikukuu hii huwa tarehe 31 Oktoba. Jina lake latokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya jioni ya kuamkia siku ya Watakatifu Wote, yaani tarehe 1 Novemba. Hata kabla ya hapo, watu wa Ireland na Uskoti walikuwa na sherehe yao wakati uo huo, iitwayo Samhain. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na majira ya baridi na giza yalikuwa yakianza. Watu walisema kwamba usiku huo mizimu hutembea karibu na nyumba. Basi jina ni la Kikristo, na desturi nyingi ni za wakulima.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi ulileta njaa kuu Ireland. Watu wengi walihamia Marekani, na desturi zao wakaenda nazo.

Mapambo

Pambo kubwa ni taa ya boga. Hukatwa kifuniko juu, mbegu zikatolewa kwa kijiko, kisha ubavuni huchongwa macho, pua na mdomo, na ndani huwekwa taa. Huko Ireland walichonga mzizi mnene wa mviringo, wa jamii moja na kabichi, ambao ni mgumu sana kuchimba. Walipofika Marekani walikuta maboga, makubwa na laini zaidi, wakayapenda.

Rangi za sikukuu ni nyeusi, kama usiku, na ya chungwa, kama maboga na majani ya wakati wa mavuno. Kampuni ya Dennison ya mji wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, ilianza mwaka 1909 kutoa vijitabu vya kuwafundisha watu kupamba nyumba kwa karatasi laini za makunyanzi, wakikata sura za paka, popo na bundi.

Mavazi

Wazee walisema kwamba mtu hujigeuza sura ili mizimu isimtambue. Mavazi yalikuwa ya vitu vya nyumbani: shuka kuukuu, koti la baba lililogeuzwa nje ndani, na masizi usoni. Huko Uskoti mtoto aliyebisha hodi hakupewa kitu bure. Ilimpasa kwanza aimbe wimbo au aseme shairi, ndipo apewe karanga au tufaha.

Karamu

Ireland hupika mkate wenye matunda makavu na kuficha pete ndani. Apataye pete katika kipande chake huambiwa kwamba ataoa au kuolewa karibuni. Katika mchezo mwingine matufaha huelea katika beseni la maji, na kila mtu, mikono nyuma, hujaribu kulikamata moja kwa meno. Mshairi wa Uskoti, Robert Burns, alitunga shairi juu ya michezo ya usiku huu mwaka 1785.

Vijana nao walileta fujo. Kwa hiyo mwaka 1920 mji wa Anoka, katika jimbo la Minnesota, ulifanya maandamano na karamu ili vijana wapate jambo bora la kufanya. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, na sukari haigawiwi tena kwa kipimo, desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende ilienea sana. Mwaka 1950 watoto wa Philadelphia walianza kubeba maboksi ya maziwa matupu na kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto wenzao kwa njia ya UNICEF. Mara ya kwanza walipata dola 17.

Jambo la kujifunza

Mpangaji mwema huanza na mgeni aliye mdogo kuliko wote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulitazama miaka 1975 hadi 2016 huko Marekani. Ulionyesha kwamba hatari ya mtu aendaye kwa miguu kugongwa na gari akafa ilikuwa kubwa kwa asilimia 43 katika jioni hiyo, kuliko jioni za juma moja kabla na juma moja baada yake. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni watoto wa miaka 4 hadi 8.

Kwa hiyo, mshonaji mwenye busara hutia utepe unaong'aa katika vazi jeusi, hupaka rangi usoni pahali pa kinyago kinachoziba macho, na hukata pindo lisije likamkwaza mtoto. Katika boga huweka taa ndogo ya betri badala ya mshumaa, na karatasi zote huziweka mbali na moto. Njia ya kutoka barabarani mpaka mlangoni huimulika, na mtoto mdogo hamwachi aende pasipo mkubwa wake.

Hapa kwetu hatuna maboga ya kuchonga, lakini tuna minyororo ya karatasi, na umeme ukikatika tunawasha mishumaa. Basi ninyi mtakaochaguliwa katika kamati ya karamu, kabla ya kukata karatasi ya kwanza jiulizeni maneno haya matatu. Moto utakuwa wapi? Milango ipi itakuwa wazi, pasipo benchi mbele yake? Na taa zikizimika ghafula, ni nani atakayewashika mkono wavulana wa Kidato cha Kwanza?