Kompyuta Isiyo na Diski Ikikataa Kuwaka

Kompyuta isiyo na diski haihifadhi programu wala faili za mtumiaji. Kila inapowashwa, huomba mfumo endeshi kutoka kwa seva kupitia kebo ya mtandao. Mpango huu hupunguza gharama katika maabara za shule, maktaba na vituo vya kompyuta vya wadi, kwa kuwa mashine kuukuu huendelea kutumika na marekebisho hufanywa mahali pamoja.

Hata hivyo, hitilafu moja ndogo inaweza kuwaacha vijana wakitazama skrini nyeusi siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa masomo. Mara nyingi mashine hudhaniwa imeharibika, na fedha za umma hununua diski isiyohitajika. Msimamizi wa kituo anaweza kuepuka hasara hiyo kwa kufahamu safari ya kuwaka.

Safari hiyo ni kama ya mwananchi katika Kituo cha Huduma: hupewa nambari, huelekezwa dirishani, kisha hupokea hati yake. Kompyuta nayo hupata anwani ya IP kutoka kwa huduma ya DHCP, huambiwa jina la faili ya kuwasha, kisha huichukua faili hiyo kwa huduma ya TFTP. Kazi ni kujua safari imekatikia wapi.

Ni moja au ni zote?

Ikiwa zote zimekwama, chanzo kitafutwe kwenye seva au swichi. Baada ya umeme kupotea na kurudi, swichi na seva ziwashwe kwanza, na kompyuta zifuate seva ikiwa tayari. Zikiwashwa pamoja, kompyuta huomba bila kujibiwa na hatimaye hukata tamaa.

Ikiwa ni moja tu, ipewe kebo ya jirani inayofanya kazi. Ikiwaka, tatizo liko kwenye kebo, tundu la ukutani au mlango wa swichi. Isipowaka, saa yake iangaliwe. Tarehe iliyorudi nyuma miaka mingi ni dalili kwamba betri ndogo ya ubao mama imekwisha, na huenda agizo la kuwaka kupitia mtandao limefutika. Betri ibadilishwe na agizo hilo lirejeshwe.

Skrini inasema nini?

Mashine nyingi huonyesha msimbo kabla ya kukwama. Msimbo huo uandikwe kabla ya kuzima.

• PXE-E61: kebo haijashika, imekatika, au swichi imezimwa.

• PXE-E51: hakuna aliyejibu ombi la anwani. Huduma ya DHCP ikaguliwe kwenye seva.

• PXE-E53: anwani imepatikana, lakini jina la faili halikutolewa. Mara nyingi ruta ya intaneti imejibu badala ya seva. DHCP ya ruta izimwe, au kompyuta ziwekwe kwenye mtandao wao pekee.

• PXE-E32: huduma ya TFTP haijibu. Huenda imesimama, au ukuta wa usalama wa seva umefunga mlango wa 69 wa UDP.

Mashine mpya iliyoongezwa huleta fumbo lingine. Huenda inatumia UEFI, ilhali seva inatoa faili ya BIOS ya zamani. Kila aina huhitaji faili yake, na seva inaweza kupangwa kutoa zote mbili.

Mfumo ukianza kupakiwa kisha ukakwama, safari ya mwanzo imekamilika. Hapo kinachoangaliwa ni iwapo seva inashiriki folda ya mfumo ipasavyo, na iwapo mfumo wenyewe una programu ya kuendesha kadi ya mtandao ya mashine hiyo.

Tahadhari

Seva isizimwe haraka kwa sababu ya kompyuta moja. Kazi za watumiaji wengine wote ziko humo, na kuizima ghafla kunaweza kuharibu faili zao. Watumiaji waombwe kwanza kuhifadhi kazi na kutoka.

Kila kituo kiwe na daftari la hitilafu lenye tarehe, msimbo ulioonekana na kilichobadilishwa siku hiyo. Fundi akifika na daftari likiwa tayari, hatalazimika kuanza kubahatisha, na huduma kwa wananchi itarejea mapema.