Roho ya Mtoto Hutoka Wapi?



Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukijifunza habari za Ubatizo, mama mmoja alisimama katikati ya darasa akauliza neno lililonikaa moyoni juma zima. Mtoto wake wa mwisho alipewa jina la baba mkwe wake aliyekufa. Kabla mtoto hajazaliwa, marehemu alionekana katika ndoto. Na mtoto alipozaliwa, wazee wakaona sikioni pake alama kama ile ya mzee. Basi ukoo wote husema, "Mzee amerudi." Naye mama akauliza: "Mwalimu, siku ya Ubatizo maji yatamwagwa juu ya nani? Juu ya mwanangu, au juu ya baba mkwe? Maana kama ni yule mzee, alikuwa na wake watatu, na Padri atataka kujua habari hiyo."

Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao, kisha nikaona haya. Mama asiyejua mtoto wake ni nani, atamwombeaje Ubatizo? Tena swali lake ni la kale sana. Watu wenye akili nyingi waliliuliza kabla ya Kristu kuzaliwa, huko Uyunani, nchi iitwayo leo Ugiriki. Nimeona yafaa tuwasikilize kwanza, ndipo tumjibu mama.

Wayunani walikuwa wapagani kama walivyokuwa mababu zetu. Hawakuwa na Musa wala manabii. Lakini walikuwa na macho na akili, na wengine wao walipenda hekima kuliko mali. Hao waliitwa wanafilosofia, maana yake wapenda hekima. Mmoja, Thales, alisema asili ya vitu vyote ni maji. Mwingine, Democritus, alisema vitu vyote ni chembe ndogo zisizoonekana, hata roho. Basi mtu akifa, chembe za roho yake hutawanyika. Kwake yeye swali la mama halina maana, kwa sababu hakuna awezaye kurudi.

Lakini Pythagoras, aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristu, angalimwelewa mama yetu mara moja. Husimuliwa kwamba siku moja alimkuta mtu akimpiga mbwa, akamwambia aache, kwa maana katika mlio wa mbwa yule ameitambua sauti ya rafiki yake aliyekufa. Yaani aliamini kwamba roho hutoka katika mwili mmoja ikaingia katika mwingine, hata mwili wa mnyama.

Plato wa Athene alifuata njia hiyo. Alifundisha kwamba roho ilikuwako kabla ya mwili, nayo imefungwa mwilini kama mtu gerezani. Baada ya kufa, roho huchagua maisha mengine, hunywa maji ya usahaulifu, kisha huzaliwa tena bila kukumbuka kitu. Plato huyo ndiye aliyeandika pia habari za kifo cha mwalimu wake Socrates, aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristu. Asimulia kwamba siku ile ya mwisho, gerezani, rafiki zake waliulizana kama roho hufa. Mmoja alitoa mfano wa kinubi; sisi na tuuseme kwa kisanji. Kisanji kikipangwa vizuri, hutoa sauti tamu. Kikivunjika, sauti iko wapi? Imekwisha. Labda roho nayo ni kama sauti hiyo, na mwili ndio kisanji. Socrates akajibu kwamba sauti hufuata kisanji, wala haiwezi kukiamuru. Bali roho huuamuru mwili. Mwenye kiu aweza kuyakataa maji, kama vile ninyi mnavyofunga Ijumaa Kuu na hali tumbo lanung'unika.

Jibu hilo ni zuri, nami nalitumia shuleni. Plato aliona kweli kwamba roho si nyama wala damu, wala haiozi kaburini. Lakini tazameni alipopotea. Kama roho ya mtoto ni roho ya mtu mwingine wa zamani, basi mtoto huyu si mtu mpya. Amevaa tu koti kuukuu. Mama amebeba mimba miezi tisa, amezaa kwa uchungu, na kumbe hakumzaa mtu!

Plato alikuwa na mwanafunzi jina lake Aristotle, aliyekaa naye karibu miaka 20, kisha akamsahihisha mwalimu wake. (Wanafunzi wangu wa darasa la sita wasidhani nimewapa ruhusa.) Aristotle alipotaka kueleza vitu vilivyo, mara nyingi alichukua mfano wa shaba, na sisi wa Kolwezi twaweza kumwelewa kuliko wengi. Ichukueni misalaba ya shaba ambayo mababu wa nchi hii ya Katanga waliitumia kama fedha na kulipia mahari. Msalaba ule una mambo mawili: shaba yenyewe, na umbo lake. Huwezi kuliweka umbo mezani na shaba kapuni. Viwili hivyo hufanya kitu kimoja. Ndivyo alivyosema Aristotle kuhusu roho na mwili. Roho si mgeni aliyelala katika nyumba ya mwili. Roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili ulio hai. Alitoa pia mfano wa shoka: kama shoka lingekuwa kitu chenye uhai, kule kuwa na uwezo wa kukata ndiko kungekuwa roho yake. Na kama jicho lingekuwa mnyama, kuona ndiko kungekuwa roho yake.

Hapo ndipo alipowacheka wafuasi wa Pythagoras. Kusema kwamba roho yoyote yaweza kuingia katika mwili wowote, asema, ni sawa na kusema kwamba ufundi wa seremala waweza kuingia katika filimbi. Kila ufundi una vyombo vyake, na kila roho ina mwili wake. Mama na alishike neno hilo. Roho ya baba mkwe ni roho ya mtu yule, aliyekuwa na mikono ile, sauti ile, na wake wale watatu. Roho ya mtoto ni ya mtoto.

Lakini Aristotle naye hakufika mwisho wa njia. Alidhani ulimwengu haukuwa na mwanzo, wala hakusema wazi kama roho ya kila mtu hudumu baada ya kufa. Tena mfano wa shaba una mpaka wake: ukiuyeyusha msalaba, umbo lake limepotea kabisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliyachukua mafundisho yake akayatengeneza. Alieleza kwamba roho ya mtu hufanya kazi ambayo mwili peke yake hauwezi, yaani kuijua kweli na kumjua Mungu. Kwa hiyo haipotei mwili unapokufa, ingawa hubaki imepungukiwa na mwenzake. Na roho hiyo haitoki kwa baba wala kwa babu. Mungu huiumba yeye mwenyewe kwa ajili ya mtoto huyo mmoja. Mwaka 1312 Mtaguso wa Vienne, huko Ufaransa, ulithibitisha kwamba roho yenyewe ndiyo inayoupa mwili wa mtu uhai wake na kuwa kwake mtu.

Labda mmoja atauliza, "Mungu huiumba kwa kitu gani?" Swali hili nalo liliwashinda Wayunani. Plato aliandika kwamba ulimwengu ulitengenezwa na Fundi mwema, aliyekuta vitu vimekwisha kuwako ovyo ovyo, akavipanga. Hata akautia ulimwengu roho yake wenyewe, na nyota akaziita miungu. Fundi huyo nafahamu amefanana na nani. Amefanana na wayeyushaji wa kale wa nchi yetu, wale walioitwa wala shaba. Wakati wa kiangazi walikusanya mawe ya kijani, wakatengeneza makaa, wakajenga tanuri la udongo, wakavuta mivukuto mpaka shaba ikatiririka. Walikuwa mafundi hodari. Lakini bila jawe lile la kijani, fundi alikaa mikono mitupu. Mungu Mwenyezi hangoji jawe.

Aliyelisema jambo hilo vizuri kuliko Plato alikuwa mwanamke. Habari zake zimo katika Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 7, kitabu kilichoandikwa kwa Kiyunani. Mfalme Antioko, mtu wa ukoo wa Kiyunani, aliwatesa vijana saba ndugu ili waiache Sheria ya Mungu. Mama yao alisimama akiwatazama wakifa siku moja, naye aliwatia moyo kwa lugha ya baba zao, ambayo mfalme hakuisikia. Aliwaambia kwamba yeye hajui jinsi walivyotokea tumboni mwake. Si yeye aliyewapa pumzi na uhai. Akamwambia yule mdogo azitazame mbingu na nchi, ajue kwamba Mungu hakuvifanya kwa vitu vilivyokuwako. Mama huyu hakusoma kitabu cha mwanafilosofia hata mmoja. Alikuwa amezaa mara saba, na kila mara aliona kwamba amepokea mtu asiyemtengeneza.

Je, wazee wetu wamedanganya basi, wasemapo, "Amerudi"? Hapa naomba tusiwe wepesi. Palikuwa na padri Mfransisko, Mbelgiji, jina lake Placide Tempels, aliyekuja Kongo mwaka 1933 akaishi kati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilipigwa chapa huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Baadaye, tangu mwaka 1953, alikuwa hapa Kolwezi, katika kambi ya wachimba migodi ya Ruwe. Humo, akizungumza na waume pamoja na wake zao, ilizaliwa Jamaa, iliyofundisha uzima, uzazi na mapendo. Wataalamu wengine wa Afrika, kama Paulin Hountondji wa Benin, walimkosoa kwa kuwatia Wabantu wote katika gunia moja, kana kwamba wote wana wazo moja, nami naona walikuwa na haki. Lakini katika jambo hili Padri Tempels alisikiliza vizuri. Aliona kwamba wazee hawasemi kama Pythagoras. Kwa maana babu mmoja huweza "kurudi" katika wajukuu wawili au watatu, na hapo hapo wazee wanaendelea kumtaja kuwa yuko kwa wafu. Waulizeni wenyewe. Kama roho yake ingekuwa imehamia kwa mtoto mmoja, wangemtajaje huko, na wale wengine wangepata nini?

Basi neno "amerudi" lataja kifungo cha uzima na jina ndani ya ukoo, wala si kuhama kwa roho. Mama na amwite mtoto jina la babu yake bila hofu. Mimi mwenyewe nabeba jina la babu yangu. Kanisa nalo humpa mbatizwa jina la mtakatifu, na hakuna adhaniye kwamba Petro wa darasa la kwanza ndiye Mtume Petro. Linalokataliwa ni lile la mganga, akisema mtoto asibatizwe kwa kuwa mzee hakupenda, au homa ya mtoto ni deni la mzee. Mtoto hana deni la mzee huyo. Naye baba mkwe yumo mikononi mwa Mungu mwenye huruma. Tumwombee, lakini hawezi kubatizwa katika mwili wa mwingine.

Limebaki neno moja, na ndilo lililowakasirisha Wayunani. Mtakatifu Paulo alipohubiri Athene, mji wa Plato, walimsikiliza mpaka alipotaja ufufuko wa wafu. Hapo wengine wakamdhihaki. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba mwili ni gereza, nani atataka kurudishwa gerezani? Lakini ninyi mnajua uzito wa jambo hili. Hapa kwetu wachimbaji hufukiwa na udongo mashimoni, na pengine mwili hauonekani tena. Mke hulia mbele ya kaburi lisilo na mtu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, wakakuta vyungu na misalaba midogo ya shaba pamoja na mifupa. Wale mababu hawakumjua Kristu, na misalaba ile haikuwa yake; lakini hawakumtupa maiti kama ganda. Kanisa linatufundisha kwamba Mungu atamrudishia kila mtu mwili wake, hata yule aliye chini ya mlima wa udongo.

Kwa juma lijalo someni Matendo ya Mitume sura ya 17, na ile sura ya Wamakabayo. Nitawauliza: Kwa nini ufundi wa seremala hauwezi kuingia katika filimbi? Fundi wa Plato alihitaji nini ambacho Mungu hakihitaji? Mama wa wale vijana saba alijuaje kwamba si yeye aliyewapa uhai? Naye mama aliyeuliza swali, aniletee jina la mtakatifu alilomchagulia mwanawe, niliandike katika daftari ya Ubatizo kando ya lile la babu yake.