Ile majani yenye kuzaliana tukiikata

Wandugu wakulima, leo tunaongea juu ya majani yenye agronomu wengi wanaita shiandan. Jina lake la kitabu ni Digitaria abyssinica. Uganda wanaiita lumbugu, Rwanda urwiri, Kenya sangari. Haikutoka ng'ambo, ni ya milima yetu ya Afrika ya Mashariki. Lakini ndani ya shamba lako inaweza kuwa mgeni, na mara nyingi ililetwa na mkono wa mtu.

Ngoa moja pamoja na udongo, uitazame vizuri. Ile kamba nyeupe yenye kupita chini si muzizi, ni shina lenye kulala ndani ya udongo. Muzizi hauna vifundo. Hii kamba iko navyo, sawa na muwa, na kila kifundo kiko na jicho. Kamba ikiwa nzima, jicho la kwenye ncha ndilo linakua, mengi ya nyuma yanalala. Ukiikata, yaliyolala yanaamka. Kipande kifupi kama kidole, chenye kifundo kimoja tu, kinaweza kuota tena. Kwa hiyo mwenye kulima mbiombio na kuacha vipande ndani, anaipanda upya, tena kwa pesa ya vibarua!

Kahawa ndiyo inaumia sana, sababu mizizi yake ya kutafuta chakula iko karibu na juu, palepale kamba zinapita. Ukichimba kwa nguvu unakata mizizi ya kahawa pia. Tumia jembe la meno: inua udongo polepole, vuta kamba kwa mkono ikiwa ndefu.

Wengi wa upande wa Beni walikimbia mashamba juu ya vita, na wenye kurudia wanakuta majani yamefunika yote. Tunawashauri wasifungue shamba zima kwa mara moja. Anza na kipande chenye jamaa itaweza kumaliza kabisa, pale pa maharagi ya kula, kisha sogea kidogo kidogo.

Butembo iko karibu kabisa na ikweta, kiangazi kirefu hatuna. Kamba zikirundikwa juu ya udongo, mvua moja inatosha zishike tena. Zianike juu ya mawe ao bati la zamani mpaka zivunjike kama kuni kavu. Mwezi wa sita na wa saba, mvua ikipungua, kazi hii inakuwa nyepesi. Zikiwa mbichi, usizitupe ndani ya mboleo.

Kitu chenye haipendi ni kivuli. Kakao ikishafunga matawi, majani yanapunguka yenyewe. Pale pa wazi, mukuna ao viazi vitamu vinaweza kuifunika, lakini kamba zitolewe kwanza.

Tena kuna pepinyeri ya koperative. Udongo wenye kamba ukijazwa ndani ya mifuko, miche inaipeleka kwa kila memba. Chekecha udongo mbele ya kujaza. Machipukizi ya ndizi nayo, kung'uta na uchonge mizizi kabla ya kuyabeba. Mche wenye kamba nyeupe ndani ya mfuko, memba asiupokee.