Maganda ya Embe na Chupa Tatu

Msimu wa maembe ufikapo Busale, katika nchi ya Kyela iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, watu hula nyama ya tunda na kulitupa ganda. Lakini ganda ndilo boma la tunda, na ndani yake mna walinzi wengi.

Kata ndizi mbivu uiache wazi. Baada ya kitambo itageuka rangi, kwa kuwa oksijeni iliyo hewani huiharibu. Ipake maji ya limau, nayo itakawia kugeuka. Vitu vizuiavyo uharibifu huo huitwa antioksidanti. Hutakiwa sana ili mafuta na vyakula visichache upesi.

Je, walinzi hao hutolewaje gandani? Ganda hukaushwa, hutwangwa, na unga wake hulowekwa. Hapo ndipo penye kazi, maana kila kitu cha majimaji hutoa vyake.

Chukua mfano wa chupa tatu. Ya kwanza ina maji, ya pili mafuta ya kupikia, na ya tatu spiriti iitwayo ethanoli, iliyochanganywa na maji. Maji hutoa vitamini C, lakini rangi ya manjano huiacha gandani. Mafuta huiacha vitamini C, yakachukua ile rangi, ambayo ni ya jamii ya karotini, kama ile ifanyayo mawese kuwa mekundu. Chupa ya tatu hutoa jamii ya polifenoli. Tena mara nyingi hushinda maji matupu na spiriti tupu, kwa sababu maji hulivimbisha ganda, na spiriti huyeyusha yaliyoshindikana kwa maji.

Sababu yake ni hii: kitu huyeyuka katika kile kinachofanana nacho. Mkono wenye mawese hautakati kwa maji matupu.

Basi mtu akiloweka ganda katika maji tu, kisha akasema, "Halina kitu," amekosea. Ameyapima maji yake, hakulipima ganda.

Tena kiyeyushacho sana si lazima kiwe kifaacho. Methanoli nayo ni spiriti, na huyeyusha mengi. Lakini ni sumu, hupofusha macho na kuua. Kwa hiyo vitu vya kutiwa katika chakula ni heri vitolewe kwa maji na ethanoli.

Maswali

1. Kwa nini ndizi iliyokatwa hugeuka rangi?
2. Mafuta hutoa nini gandani, nayo maji hutoa nini?
3. Kwa nini methanoli haifai kwa mambo ya chakula?