Boti Huozea Nchi Kavu

Nairobi haina ziwa, lakini boti zipo. Ukiacha zile za kupiga makasia kwenye kibwawa cha Uhuru Park, nyingine utazikuta zimepanda trela: kando ya gereji za Dagoretti Corner, chini ya miti ya Karen, nyuma ya nyumba za Lavington. Wenyewe huzivuta hadi Naivasha mara chache kwa mwaka, na siku zilizobaki zinanyeshewa tu. Zamani hata safari hiyo haikuwa lazima, maana watu walitweka tanga kwenye Bwawa la Nairobi, jirani na Kibera, kabla magugu-maji na majitaka hayajalimeza.

Fundi akiletewa boti kuukuu ya faibaglasi, kitu cha kwanza hupanda na kukanyaga. Sakafu ikibonyea, ameshajua kazi iliyopo. Faiba yenyewe haiozi. Kilichooza ni plaiwudi iliyofichwa katikati yake. Basi kwa nini mbao ilitiwa humo, ilhali faiba peke yake ingedumu?

Jibu linaanzia kwenye kioo. Faibaglasi ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizolowekwa katika resini ikakauka. Kioo cha dirisha kikianguka huvunjika, kwa hiyo ni haki kushangaa kwamba mtu anakiamini kwa chombo cha majini. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha matokeo ya kuvuta nyuzi za kioo za unene mbalimbali. Kadiri uzi ulivyokuwa mwembamba, ndivyo kila milimita ya mraba ilivyohimili mvuto mkubwa zaidi. Kioo si dhaifu kwa asili yake. Kinachokiangusha ni mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Muuza vitambaa wa Biashara Street huchanja pindo kwa mkasi kidogo tu, kisha kitambaa kizima kikapasuka mkononi, kwa sababu nguvu yote ya mkono hukusanyika penye ncha ya ule mchanjo. Uzi mwembamba mno hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Na hata mmoja ukikatika, ufa huishia kwenye resini, nayo huhamishia mzigo wake kwa nyuzi za jirani.

Kwa hiyo nguvu ipo. Kinachokosekana ni ukakamavu. Bamba la mkeka wa faiba, ule ambao madukani huitwa mati, hupinda kirahisi zaidi ya mara 20 kuliko bamba la chuma la unene uleule. Halivunjiki, linanesa tu, na hakuna anayetaka kusimama juu ya sakafu inayonesa huku ameshika ndoano.

Hapa inafaa kuchukua kalamu. Ukakamavu wa bamba hufuata unene wake ukizidishwa 'unene × unene × unene': ongeza unene mara mbili, ukakamavu unapanda mara 8. Chukua tabaka 2 za faiba za milimita 2 kila moja. Zikigandishwa pamoja zinakuwa milimita 4, na 4 × 4 × 4 ni 64. Sasa zitenganishe kwa plaiwudi ya milimita 12, ili unene wote uwe 16. Chukua 16 × 16 × 16, yaani 4,096, utoe nafasi ya katikati, 12 × 12 × 12, yaani 1,728. Inabaki 2,368. Gawanya kwa 64, upate 37. Faiba ni ileile, fedha iliyonunua resini ni ileile, lakini sakafu imekakamaa mara 37, na hapo bado hatujahesabu mchango wa mbao yenyewe. Kazi kubwa ya plaiwudi ni kuweka umbali, na kuzuia ngozi ya juu isiteleze juu ya ile ya chini.

Mbao ikioza, ngozi zinateleza. Kila moja inapinda kivyake: 2 × 2 × 2 ni 8, mara mbili ni 16. Kutoka 2,368 hadi 16. Ndiyo maana sakafu inaweza kung'aa kwa rangi mpya na bado ikabonyea chini ya kisigino. Kuongeza tabaka la faiba juu ya sakafu iliyooza, jambo ninaloliona likifanywa kila mara, ni kununua unene mahali ambapo hauna faida.

Mbao huoza kwa sababu ya kuvu, na kuvu inahitaji maji na hewa pamoja. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Gogo lililozama kabisa kwenye tope la ziwa nalo hudumu miaka mingi, kwa kukosa oksijeni. Kinachoua ni hali ya katikati, na hiyo ndiyo hali ya boti iliyoegeshwa: mvua ya Aprili inajaa ndani, inapita kwenye tundu za skrubu za viti, inalowesha plaiwudi, kisha jua la Juni halifiki chini ya faiba kuikausha. Maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari, kwa kuwa chumvi huikwamisha kuvu. Majahazi ya Pwani yanapopakwa sifa, yale mafuta ya papa, shabaha ni hiyohiyo ya kuzuia maji yasiingie ndani ya mbao.

Uzito nao unapanda kimyakimya. Sakafu ya mita 3 za mraba yenye plaiwudi ya milimita 12 ina ujazo wa lita 36 na uzito wa kilo 20 hivi ikiwa kavu. Kuta za seli za mbao ni nzito mara moja na nusu kuliko maji, kwa hiyo mbao halisi humo inachukua lita 13 tu. Lita zaidi ya 20 zilizobaki ni vitundu vitupu, na kila lita ikijaa maji ni kilo moja.

Kabla ya kukata, boti iegemezwe sehemu nyingi kuanzia omo hadi tezi. Sakafu ndiyo inayoshikilia umbo. Ukiitoa huku boti imelalia nguzo mbili za trela, ubavu utapinda, na sakafu mpya itaugandisha hivyohivyo. Grainda ikate ngozi ya juu tu, ikiacha ukingo wa sentimita 5 pembeni wa kugandishia kazi mpya.

Plaiwudi mpya lazima iwe na gundi isiyoogopa maji. Chemsha kipande kwa saa chache: tabaka zikiachana, rudisha dukani. Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini zinatosha kuiumbua gundi mbaya.

Sasa resini. Ya poliesta ni minyororo ya molekuli inayoelea katika stairini. Hadina, ambayo ni peroksidi, huvunjika na kuanzisha miungano inayoifunga minyororo hiyo kuwa wavu mmoja, huku joto likitoka. Kilo moja ya resini hutaka gramu 10 hadi 20 tu. Asubuhi ya Julai, joto likiwa nyuzi 12, muungano huo hulegea au hukwama, na kumwaga hadina zaidi si dawa. Ngoja saa nne jua lipande. Ikiwa resini yako inatiwa kobalti, kile kiharakishi cha zambarau, ikoroge kwenye resini kwanza hadi ipotee. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe hulipuka.

Ugumu mkubwa uko kwenye ukingo wa zamani. Resini ya miaka 30 imeshamaliza miungano yake, haina mkono wa kuishika resini mpya. Kinachobaki ni kushikana kwa mikwaruzo: msasa mkali, namba 40, hadi mng'ao wote uondoke, kisha asitoni kwa kitambaa safi. Epoksi hushika mbao na faiba kuukuu vizuri zaidi. Ni ghali, lakini mimi ningeinunua kwa maungio haya hata kama sehemu nyingine zote zitapigwa poliesta. Kona ya sakafu na ubavu ijazwe kwanza uji mzito wa resini uliosawazishwa mviringo, kwa kuwa mkeka hauwezi kukunjwa pembe mraba bila kuacha hewa chini yake.

Plaiwudi ipakwe pande zote, kingo hasa, kwani mbao hunywa maji kwa haraka zaidi pale nyuzi zake zilipokatwa. Viti vikirudi, tundu ya skrubu ya milimita 5 itobolewe kwanza kwa milimita 10, ijazwe epoksi, iachwe ikauke, ndipo itobolewe upya katikati ya epoksi. Kisha boti iegeshwe omo likiwa juu, na kizibo cha tezi kitolewe kabla ya mvua za Machi.