Vidokezo: 'Arguably', neno la abishaye na abishe

Kurasa za michezo za Kiingereza hulipenda sana: "Eliud Kipchoge is arguably the greatest marathon runner." Ukidhani mwandishi ana mashaka na Kipchoge, umemsoma kinyume.

1. Msemaji yuko upande wa sifa. Anaiamini na yuko tayari kuitetea, ila anajua wapo watakaombishia. Hoja anazo: Kipchoge alitwaa dhahabu ya Olimpiki 2016, akaitetea 2021, na mwaka 2018 na 2022 akavunja rekodi ya dunia, mara zote mbili Berlin. Mbishi naye atakuja na Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na 1964, tena mbio za kwanza alikimbia pekupeku! Kwa Kiswahili ningesema: "Abishaye na abishe, Kipchoge ndiye bora." 'Pengine' ni jepesi mno, na 'bila shaka' linafunga baraza kabla watu hawajaketi.

2. Usilipachike kwenye jambo lililopimwa. Kelvin Kiptum alimaliza mbio za Chicago 2023 kwa saa 2:00:35. Hapo hapana ubishi. Neno hili huendana na maoni, ndiyo maana utalikuta mara nyingi mbele ya "the best", "the worst" na "the most".

3. Ukilitumia, toa hoja. Wavivu hutamka jambo kubwa kisha wakajificha nyuma ya neno hili, bila kusema nani anabishana na nani. Mara moja kwa makala nzima yatosha.

4. Jihadhari na ndugu yake, 'arguable'. Kwenye mazungumzo, ukiambiwa "that's arguable", ujue umepingwa kwa adabu. Mahakamani ni habari njema. Anayeiomba Mahakama ya Rufaa ya Kenya isimamishe utekelezaji wa hukumu hutakiwa kuonyesha, pamoja na mengine, kwamba rufaa yake ni "arguable": ina walau hoja moja inayostahili kusikilizwa kikamilifu, hata kama mwishowe atashindwa. Neno lile lile, na wakili anatoka anatabasamu.

5. Matamshi: mkazo uko mwanzoni kabisa, AA-gyu-a-bli. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi wengi wetu husema 'agyu-A-bli'.